Kidogo Tu, Shangazi

Wapendwa, ile video mmeshaiona, msijifanye. Jumamosi, kwenye kipaimara cha binti wa Mama Aikaeli, niliitwa mbele nilishwe keki. Miaka yote hii ya utumishi, mikoa yote niliyozunguka, na nchi mbili tatu za watu wa baridi, nimefika mbele ya keki nikapiga goti. Nikafumba macho, nikafungua mdomo, nikasema Amina. Hilo mngenisamehe. Lakini nikabaki pale pale chini, nasubiri divai. Mama Aikaeli alicheka hadi kilemba kikafunguka.

Chekeni, ni haki yenu. Ila nilipofungua jicho moja nilimwona mtu kwenye foleni nyuma yangu ambaye hakucheka. Alikuwa anaitazama ile keki kama mtu anayetazama mbwa asiyefungwa. Kwa ajili yake nimebadilisha mahubiri ya leo.

Palikuwa na mwanamke mmoja, shangazi wa watu, mwenye kisukari. Aliuelewa ugonjwa wake kuliko wengi wetu tunavyozielewa ndoa zetu. Dawa kwa saa yake. Ugali kiasi cha ngumi, mboga nusu ya sahani. Jioni alitembea, na kila alipooga alikagua nyayo zake, maana ugonjwa huu huiba hisia miguuni. Siku moja akakuta kidonda chini ya kidole gumba. Kiatu kilimchubua, hakusikia. Daktari akamwambia wazi: sukari ikishuka ikatulia, kidonda kitapona, ikizidi kupanda, mguu utakwenda.

Basi ulikuwa msimu wa sherehe. Kwenye send-off ya kumuaga mtoto wa kaka yake anayeolewa, shangazi akaitwa mbele. Akamnong'oneza mshereheshaji kwamba ana sukari, amstahi. Yule bwana akasogeza maiki mdomoni. "Jamani, Shangazi anaikataa keki. Anamtunzia nafasi mbuzi."

Ukumbi mzima kicheko. Kaka yake akamfuata kwa sauti ya chini: wakwe wanatazama, asiitie familia aibu. "Kidogo tu, dada yangu. Kwani dawa si unameza?"

Akala.

Niwaulize: kipande kimoja cha keki kinakata mguu? Hapana, na sitawatisha kwa uongo. Lakini baada ya send-off kulikuwa na harusi, baada ya harusi kipaimara, baada ya kipaimara shukrani. Kila ukumbi na keki yake, soda iliyokwisha funguliwa, sahani ya pilau iliyojazwa na mtu ambaye hakumuuliza. Akisema maji yanatosha, anaringa. Akiacha chakula, amemdharau mpishi. Akibaki nyumbani, mchawi. Mwanamke huyu alifuata kila neno la daktari, isipokuwa siku alizokuwa na sisi. Na kwetu huku, nani anaipata siku isiyo na watu?

Mguu ukakatwa, chini ya goti.

Hapo ndipo sisi tukawa wema sana! Kamati ikaundwa, na mwenyekiti wake na mhazini wake. Tukamnunulia kiti cha magurudumu. Tukakodi ukumbi wa kumkabidhi. Na kwa kuwa hatujui kumpa mtu kitu chochote bila keki, tukaleta keki. Juu yake imeandikwa kwa krimu: POLE SHANGAZI.

Mnaguna? Guneni. Mimi nimekasirika, na siombi radhi. Mtu akikwambia "nina sukari", amekupa heshima ya kukuonyesha namna ya kumweka hai mezani kwako. Wewe unamwita mwenye maringo! Tunawaita hapa mbele tuwaombee uponyaji, tunawawekea mikono kichwani, kisha tukitoka mlango huo huo tunawawekea soda mkononi. Bwana amsikilize nani, sisi wa humu ndani au sisi wa pale nje? Kuanzia leo, kwenye sherehe za usharika huu, maji yawepo mezani, mgeni ajipakulie mwenyewe, na anayekataa keki asiulizwe mara ya pili. Asiulizwe na mtu yeyote, hasa mimi, maana mmeona keki inavyonivuruga akili.

Na shangazi je? Mshereheshaji yule yule alimwendea na kipande kwenye uma, akainama hadi usawa wa kiti, watu wote wamesimama na simu zao juu.

"Kidogo tu, Shangazi."

Shangazi akausogeza uma pembeni, akaweka kiganja juu ya goti la mguu uliobaki.

"Mguu mmoja mmeshaula," akasema. "Huu bado nautumia."