Kalunguyeye na Noti za Kiboko

— Ninayo ngano!

— Itoe tuipime!

— Ina uongo ndani yake!

— Utie, tutauchuja!

— Na ukweli je?

— Uthibitishe!

Basi, hapo wanyama walipokuwa na soko lao, mahakama yao na pesa zao za karatasi, alikuwako Kalunguyeye, mama wa watoto wawili, Mwiba na Kipini. Mama huyu alikuwa mdogo kiasi cha kujificha ndani ya kifuu cha nazi, na kazi yake ilikuwa kuchonga mihuri. Aling'oa mwiba mmoja mgongoni mwake, akaunoa, akachonga: kwe, kwe, kwe. Mwiba ukiisha makali, aling'oa mwingine.

Katika nchi hiyo hiyo alikuwako Kiboko. Habari za Kiboko hazihitaji maelezo marefu: alikuwa na mwili mwingi, na tamaa nyingi zaidi.

Siku moja ikatangazwa kwamba chemchemi ya Majanini, ambayo kila mnyama aliinywa bure, itauzwa siku ya gulio kwa noti mia moja. Kiboko aliposikia, mate yakamtiririka. Atakayeimiliki chemchemi, alijiambia, atamtoza kila mwenye kiu, na kiu haina likizo. Lakini Kiboko hakuwa na noti hata moja. Alikuwa na uzito tu. Basi akatumia alichokuwa nacho: akaenda mpaka kwenye shimo la Kalunguyeye, mama mwenyewe akiwa ametoka, akageuka, akajishusha. Pwaa!

Kalunguyeye aliporudi alikuta mlango wa nyumba yake umezibwa na makalio.

"Bwana mkubwa," akasema, "watoto wangu wamo humo."

"Ninajua. Wananichoma tangu asubuhi. Nasikia raha, kama nakunwa."

"Unataka nini?"

"Noti mia moja. Wewe si fundi wa mihuri? Haya, chonga. Ukimaliza, nitanyanyuka. Usipomaliza kabla ya gulio, nitalala."

"Utalala wapi?"

"Hapa hapa."

Kalunguyeye aliuona udongo wa paa la nyumba yake ukibonyea chini ya uzito ule, na akaelewa kwamba Kiboko akilala, hapatakuwa na nyumba wala watoto. Alijua kwamba kughushi noti ni kosa la kufungwa. Alijua pia kwamba hakuna sheria iliyotungwa kwa ajili ya mama ambaye watoto wake wamekaliwa. Gulio lilikuwa siku ya nne. Akaamua kwanza kwenda kuuliza.

Alikwenda kwa Mzee Fuko, mhazini wa soko. Fuko alikuwa kipofu, na kwa sababu hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kukagua noti, kwani mwenye macho huhongwa kwa rangi. Yeye alizikagua kwa njia tatu. Aliipepeta noti sikioni: ya kweli hulia kwacha! Aliipitisha puani: ya kweli ina mikwaruzo. Njia ya tatu haikuwa yake, maana ndani ya karatasi ya kila noti ilifichwa sura ya kivuli, isiyoonekana mpaka noti iinuliwe juani: sura ya Mheshimiwa Korongo, hakimu wa nchi, amesimama kwa mguu mmoja. Kwa kuwa Fuko haoni, desturi ilimtaka mlipaji mwenyewe ainue noti moja juani mbele ya soko zima na kutangaza kwa sauti anachokiona. Noti zenyewe zilikuwa pana kama jani la mgomba, ili Tembo naye aweze kuzishika bila kuzirarua.

"Nimelazimishwa kughushi pesa," Kalunguyeye akasema.

"Una shahidi, Mama Mwiba?"

"Watoto wangu. Wako chini yake."

"Hao wana maslahi katika kesi."

"Basi mkamate Kiboko!"

"Kwa kosa gani? Noti hazijatengenezwa. Kilichotendeka mpaka sasa ni kukaa, na kukaa si kosa."

Mzee Fuko akakuna pua yake ndefu, akainama, akashusha sauti.

"Hiyo ni kauli ya ofisi, dada. Sasa nakwambia kama jirani: mimi ninachimba vizuri. Lakini akiwa amekaa pale, nikichimba, ardhi itadidimia, naye atawaangukia. Mtoe juu ya shimo mchana mmoja tu."

Kalunguyeye akarudi. Kazi ikaanza.

Siku ya kwanza alikusanya viota vikuukuu vya nyigu, akavilowesha, akavikanda, akavianika vikawa karatasi. Akaenda kwa Kiboko. Kiboko akainua kalio moja, kiasi cha mbawakawa wanne kupita kwa ajili ya chakula cha watoto, wala si kiasi cha mtoto kutoka. Jua lilikuwa kali, na ngozi ya Kiboko, iliyozoea maji, ikapasuka: ta!

"Tayari?"

"Bado, bwana mkubwa."

"Kimebaki nini?"

"Sauti. Noti ya kweli hulia kwacha. Hii inalia fyuu."

"Ilize!"

Akaenda. Siku ya pili alipaka karatasi utomvu, akazianika tena, zikalia kwacha! Akarudi. Kiboko akainua kalio moja, mbawakawa wanne wakapita, akaketi. Ngozi ikapasuka: ta! ta!

"Tayari?"

"Bado, bwana mkubwa."

"Kimebaki nini?"

"Mikwaruzo. Fuko akipitisha pua, itateleza."

"Wewe mswaki wewe! Pesa hizi zilitengenezwa na mtu au na jini?"

"Zilitengenezwa na watu waliokufikiria wewe, bwana mkubwa."

Kiboko alifurahi kusikia kwamba wakubwa wa nchi walimfikiria. Siku ya tatu Kalunguyeye akarudi, na ngozi ikapasuka: ta! ta! ta! Kiboko sasa alikuwa na nyufa kama tope la kiangazi, na hasira zake zilikuwa karibu.

"Tayari?"

"Bado, bwana mkubwa. Gulio ni kesho, nami nimekwama."

"Kimebaki nini?"

"Kivuli. Sura ya Korongo ndani ya karatasi. Haichorwi, haichongwi. Karatasi hurundikwa mbichi, zikakandamizwa na mwenye uzito mkuu kuliko wote nchini. Na mikwaruzo hutokea hapo hapo. Nilikuwa nakwenda kumwomba Tembo."

"Tembo!" Kiboko akafura. "Tembo ana uzito gani? Mifupa na masikio tu! Mwenye uzito mkuu nchini ni nani?"

"Sheria haimtaji, bwana mkubwa."

"Ni mimi! Lete karatasi hapa!"

"Hapa ni udongo. Zitazama, utalipa kwa matope. Lipo jiwe bapa pale, hatua ishirini."

Alimtazama yule mama mdogo, akatazama jiwe, akatazama chini yake. Hakuwa mjinga wa jumla. Alikuwa mjinga wa jambo moja moja.

"Nikinyanyuka, watoto watatoka."

"Basi weka gogo lile mlangoni."

"Nikirudi nisipolikuta gogo mahali pake, nitakukalia wewe!"

"Utalikuta mahali pake. Hilo naliapia."

Kiboko akanyanyuka, ngozi ikilia ta-ta-ta, akavingirisha gogo, gudu-gudu-gudu, akaziba shimo. Akaenda kwenye jiwe. Juu ya jiwe zilikuwa karatasi mia moja, zimeloweshwa upya zikawa mbichi, moja juu ya nyingine. Chini yake Kalunguyeye hakuweka muhuri wala mchoro wala kitu chochote. Kiboko akageuka, akajishusha. Pwaa!

"Usisogee, bwana mkubwa," Kalunguyeye akasema. "Ukisogea, Korongo ataota mguu wa pili."

Kiboko hakusogea. Jua lilipanda, jua likashuka, Kiboko hakusogea. Nyuma ya mgongo wake, upande wa pili wa shimo, ardhi ilikuwa ikisema kuku-kuku, kuku-kuku.

"Sauti gani hiyo?"

"Karatasi zinakauka."

Kuku-kuku, kuku-kuku. Kisha kimya. Kalunguyeye aliona pua moja ndefu ikitokeza kichakani, kisha pua mbili fupi nyuma yake. Akakaa chini kwa mara ya kwanza katika siku tatu.

Angeweza kukimbia pale pale. Lakini alipima: Kiboko asiye na noti angetafuta shimo lingine la kukalia, na lile lingekuwa la mtoto wa mwingine, au lake tena mwezi ujao. Kiboko mwenye noti angekwenda sokoni. Akabaki.

Jioni Kiboko akanyanyuka, akaenda kutazama gogo. Lilikuwa mahali pake. Akarudi, akachukua noti ya kwanza, akaiinua kwenye jua la machweo. Ndani ya karatasi mlionekana vilima viwili vikubwa vya mviringo, na bonde katikati.

Sasa, ni jambo lililothibitika kwamba Kiboko hajawahi kuyaona makalio yake mwenyewe.

"Huyu ni Korongo?"

"Ndiye."

"Mbona amenenepa?"

"Amepandishwa cheo, bwana mkubwa."

"Na shingo?"

"Ameinama. Anasoma hukumu."

Kiboko akaridhika. Hata siku moja hajawahi kumwona hakimu mwembamba katika ndoto zake.

Siku ya gulio soko lilifurika. Mheshimiwa Korongo alisimama jukwaani kwa mguu mmoja kusimamia mauzo. Kiboko akasukuma watu, akabwaga rundo la noti mbele ya Mzee Fuko.

"Naichukua chemchemi! Hesabu, babu!"

Fuko akaipepeta moja sikioni: kwacha! Akaipitisha puani: mikwaruzo ipo, na mingi. Ngozi iliyopasuka siku tatu ilikuwa imefanya kazi nzuri.

"Inua juani, bwana, utangaze unachokiona."

Kiboko akaiinua juu kabisa, jua likapenya, na soko zima likaona alichokiona.

"Namwona Mheshimiwa Korongo!" akanguruma.

Kisha sauti ndogo ikatoka miguuni mwa watu. Ilikuwa ya Mwiba.

"Mama! Si ndiyo yale yaliyotukalia?"

"Yenyewe," akasema mdogo wake Kipini. "Ule ufa wa kushoto naujua."

Soko likaangua kicheko. Kiboko hakuelewa kinachochekwa, akageuka kutazama nyuma yake. Na kwa kugeuka huko akaiwasilisha mbele ya hakimu ile asili ambayo nakala yake aliishika mkononi. Zililinganishwa. Ufa kwa ufa, hazikutofautiana.

Korongo akateremsha mguu wa pili, jambo asilolifanya isipokuwa katika kesi kubwa.

"Nani ametengeneza hizi?"

"Huyu!" Kiboko akapiga kelele. "Huyu kifuniko cha sindano!"

Kalunguyeye akasogea mbele. Watoto wake walishika miiba yake, mmoja kulia, mmoja kushoto, na ndipo alipojua kwamba kesi haijaisha: mama akifungwa, shimo litabaki wazi lakini tupu.

"Mheshimiwa," akasema, "karatasi nimezikanda mimi. Sikani. Lakini sheria inasema noti ya kughushi ni ile inayofanana na noti ya kweli. Noti ya kweli ina sura yako. Hii ina sura hiyo uionayo. Naiomba mahakama itamke, na karani aandike: je, zinafanana?"

Korongo akatazama noti. Akatazama makalio ya Kiboko. Akamtazama karani, ambaye tayari alikuwa ameinua kalamu. Kama angesema zinafanana, Kalunguyeye angefungwa, na neno hilo lingebaki katika kumbukumbu za mahakama kwa vizazi vyote.

"Karani, andika," akasema. "Hazifanani."

"Hazifanani, Mheshimiwa."

"Ongeza: hata kidogo. Mama huyu aende zake."

"Kama hazifanani," Kiboko akaruka, "basi na mimi sina kosa!"

Hoja ilikuwa nzuri. Kwa kweli ilikuwa hoja ile ile, na mtu wa haki angeikubali.

"Wewe," Korongo akasema, "ulitangaza mbele ya umma kwamba umeniona mimi. Mahakama hii haikutii hatiani kwa kughushi. Inakutia hatiani kwa kumtukana hakimu. Kuanzia leo, maadamu jua linawaka, utakaa majini. Yaonekane masikio na macho tu. Hayo mengine yasionekane tena na mtu yeyote."

Kiboko akaondoka akitembea kinyumenyume ili asizidishe kosa, akafika mtoni: chubwi! Mpaka leo mchana humwoni ila masikio na macho. Wapo wanaosema kwamba hukaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Maelezo hayo yanawezekana, lakini walioyatoa hawakuwapo sokoni.

Chemchemi haikuuzwa, kwa kuwa mnunuzi mwingine hakujitokeza. Kalunguyeye akawarudisha watoto nyumbani, akalikuta gogo bado mlangoni, wakaingia kwa mlango wa Fuko.

Funzo la ngano hii, watoto wazuri, ni kwamba noti haziwezi kughushiwa, basi msijaribu. Ushahidi ni mzito: kila noti ya bandia iliyokamatwa, imekamatwa. Zile ambazo hazijawahi kukamatwa zimechunguzwa kwa sauti, kwa pua na kwa jua, na zote zimeonekana kuwa za kweli. Jifunzeni pia kusema ukweli daima, kama Mama Kalunguyeye, ambaye kwa muda wa siku tatu alisema ukweli mmoja, nao ulihusu gogo.

— Ngano nimeitua!

— Tumeipokea!

— Anayeisadiki?

— Alale nayo!

— Anayeitilia shaka?

— Akate rufaa!