Ukoko wa Mshika Mkia

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, kabla watu hawajajenga bustani za kuwatazama wanyama, wanyama ndio waliokuwa na bustani ya kuwatazama watu. Msicheke, nawaambia kweli! Siku ya sikukuu kila mnyama alioga, akavaa nguo zake nzuri, akaenda na jamaa zake Bustani ya Watu. Huko waliwakuta watu wakigombania kivuli kimoja, na mmoja wao akitafuta kofia aliyoivaa mwenyewe kichwani. Wanyama wakacheka mpaka njaa ikawashika.

Na ukishikwa na njaa katika bustani ile, mkahawa ulikuwa mmoja tu, wa Bwana Fisi. Aliuita Shibe Tele. Shibe gani! Chai yake ilikuwa maji ya moto yaliyopitishwa karibu na majani. Maandazi yake ukiyagonga mezani yalilia ko! ko! ko! Na wali wake, loo, ulipikwa kwa mchele ambao hakuna mtu aliyejisumbua kuuchagua mawe. Siku za kawaida chakula kilikuwa kibaya, na siku za sikukuu kilikuwa kibaya vilevile, ila ulikingoja tangu asubuhi.

Bi Pimbi aliyajua haya vizuri. Sikukuu iliyopita alimleta hapo mama yake mzazi, kikongwe aliyebakiwa na jino moja tu mdomoni. Kijiko cha kwanza cha wali, kach! Jino likaenda na jiwe, na katika sahani ile haikujulikana tena lipi jino, lipi jiwe.

Bi Pimbi alipolalamika, Fisi alimjibu nini? "Jino ndilo bovu. Wali wangu mzima!"

Hebu sikieni ufidhuli huo! Hata pole hakusema.

Sasa sikukuu ilikuwa imerudi, na yule mama alikuwa amemshika bintiye mkono. "Mwanangu," alimwambia, "leo nataka pilau. Ile laini, yenye nyama iliyoiva ikalegea. Sikukuu ijayo sijui kama nitaiona."

"Utaila, mama," Bi Pimbi akasema. Akaapa moyoni kwamba mama yake hatarudi nyumbani na njaa.

Wakaenda kupanga foleni. Sasa foleni ya Shibe Tele ilikuwa na sheria yake: kila mmoja alishika mkia wa aliye mbele yake, mstari usikatike. Fisi alikaa dirishani na upawa mkononi, akipiga kelele, "Foleni ni mkia! Asiyeshikwa mkia hayumo!"

Lakini pimbi, kama mjuavyo, hana mkia.

Kobe alipofika nyuma ya Bi Pimbi akapapasa huku na huku. "Samahani, dada, nikushike wapi?"

"Nishike bega, kaka."

"Weee!" Fisi akafoka kutoka dirishani. "Bega si mkia! Wewe na mama yako mnanikatia foleni yangu. Ondokeni hapo, nendeni nyuma kabisa mkashike mkia!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, kwa maana kushika mkia ni kuwa wa mwisho, na nani hajui? Bi Pimbi aliona aibu, lakini zaidi aliona hasira. Alikuwa amefika mapema kuliko nusu ya wale waliomcheka. Akamkokota mama yake taratibu, akapita swala, akapita nungunungu, akapita kanga na vifaranga vyake, mpaka mwisho.

Nao mwisho wenyewe ulikuwa wapi? Foleni ilikuwa ndefu hata imezunguka nyumba, ikaishia uani, kwenye mlango wa jikoni. Waliosimama mbele hawakuweza kuona yaliyokuwa huko. Wa mwisho aliyaona yote.

Na Bi Pimbi akaona. Jikoni mlikuwa na sufuria mbili. Ya mbele, karibu na dirisha, ilikuwa na wali wa jana uliochemshwa tena na maji, mawe na yote. Hiyo ndiyo ya foleni. Ya nyuma, karibu na mlango, ilikuwa na pilau ya nyama, imefunikwa na makaa juu ya kifuniko, inanukia bizari mpaka machozi yanakutoka. Na uani, kivulini, juu ya mkeka, walikuwa wamejilaza Mzee Tembo na Mzee Kiboko, ambao hawajapanga foleni hata siku moja.

"Vumilieni kidogo, waheshimiwa," Fisi aliwaambia kwa sauti ya asali. "Pilau yenu inakauka tu."

"Na hao walioko nje?" Kiboko akauliza.

"Hao? Ha ha! Hao wape chochote, wameshazoea!"

Wameshazoea! Bi Pimbi aliwaka ghadhabu. Angeweza kupiga kelele, lakini nani angemsikiliza pimbi mbele ya tembo na kiboko? Akameza hasira yake. Kisha akamwinamia mama yake sikioni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mkekani:

"Mama, bahati yetu! Tumeshika mkia!"

"Bahati gani, mwanangu?"

"Mama nawe! Pilau ukiipakua, juu unapata nini? Wali mtupu. Nyama imezama, mafuta yamezama, na chini kabisa kuna nini?"

Yule mama hakuwa mjinga. Akalamba midomo. "Ukoko!"

"Ukoko, mama! Mwekundu, umekunywa mafuta yote, ukiutafuna unasema kru, kru, kru. Na ukoko ni wa nani? Ni wa aliyeshika mkia!"

Kivulini Tembo akasimamisha masikio, pwaa! Kiboko akafumbua macho.

"Umesikia?" Tembo akanong'ona.

"Sikusikia kitu," Kiboko akasema, naye ameshasimama.

Tifu! Tifu! Tifu! Wakaja mbio. Tembo akaingia nyuma ya Bi Pimbi. "Mimi ndiye wa mwisho!" Kiboko akamshika mkia Tembo. "Wa mwisho ni mimi!" Tembo akaiacha nafasi yake, akazunguka nyuma, akaukamata mkia wa Kiboko. Kiboko naye akachomoka, akamzunguka Tembo.

"Tangulia, mzee mwenzangu!"

"La, la, wewe ndiye mkubwa, tangulia!"

Fisi akatoka jikoni, upawa mkononi. "Waheshimiwa, kuna nini?"

"Tunangoja ukoko," Tembo akasema.

"Ukoko?" Fisi akaruka. "Ukoko ni wangu! Mimi tangu alfajiri nauwaza ukoko ule!"

"Foleni ni mkia," Tembo akamjibu kwa sauti nzito. "Si sheria yako mwenyewe? Ukitaka ukoko, shika mkia!"

Fisi akamtazama Tembo juu mpaka chini, akaona hapa hapana ubishi. Mate yalikuwa yanamdondoka. "Lakini nani atapakua?"

"Shikamoo, bwana," Bi Pimbi akasema kwa upole. "Sisi hatuna mkia. Kwa sheria yako hatumo kwenye foleni. Nipe huo upawa, nikusaidie."

"Chukua!" Fisi akamtupia. "Ila sikia vizuri. Wa mbele wape sufuria ya mbele. Sisi wa nyuma tuletee sufuria ya nyuma. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bwana. Wa mbele ya mbele, wa nyuma ya nyuma."

Fisi akarukia mkia wa Kiboko. Tembo akarukia mkia wa Fisi. Kiboko akaona amebaki mbele, akazunguka, akaukamata mkia wa Tembo. Basi, wajukuu zangu, wakawa duara! Wakazunguka ua mzima, vumbi juu, kila mmoja ameshika mkia na kila mmoja ameshikwa, na kila mmoja anaapa, "Wa mwisho ni mimi! Wa mwisho ni mimi!"

Bi Pimbi akaingia jikoni, akafungua dirisha wazi. "Kobe! Swala! Njooni mnisaidie kubeba!"

Ya nyuma wakaileta mbele. Ya mbele wakaisukuma nyuma. Akapangusa mikono, akafunua kifuniko. Harufu ya pilau ikatoka mbio ikaifikia foleni yote.

Wa kwanza kupakuliwa alikuwa mama yake. Nyama ililegea hata bila jino. Wakafuata kanga na vifaranga, nungunungu, swala na kobe, na mikia yao imeachiwa, na hakuna aliyesukumwa. Upawa ukaimba kwaru! kwaru! chini ya sufuria, na ule ukoko mwekundu, wenye meno wakautafuna wote.

Hapo ndipo Bi Pimbi alipotoka uani. "Haya wa nyuma, sufuria ya nyuma hii hapa! Karibuni!"

Hawakunawa. Wakatumbukiza mikono, wakajaza midomo.

Kach!

"Jino langu!" Kiboko akalia. Kach! Tembo naye akatema jiwe. Kach! Fisi akashika taya kwa mikono miwili, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa watu vizimbani:

"Pimbi ametudanganya! Hii siyo yetu! Hii ni ile ya foleni, ile ya mawe!"

Wanyama wote waliokuwa wakila wakageuka.

"Ile ya mawe?" Swala akauliza polepole.

"Kumbe ulikuwa unajua?" Kobe akasema. "Sikukuu zote hizi, unatuona tunatema damu, unatuambia meno yetu mabovu, nawe ulikuwa unajua?"

Fisi akarudi kinyumenyume. Akawageukia Tembo na Kiboko wamtetee, lakini Tembo alikuwa amekwisha kumwinulia mguu, na Kiboko alikuwa anamtazama kwa jicho baya sana.

Yule mama mkongwe ndiye aliyesogea. Akafuta mafuta mdomoni, akachungulia ndani ya sufuria ya wali.

"Endelea kula, Bwana Fisi," akasema. "Lakini utafune polepole. Ukiona kitu cheupe, kirudishe, ni jino langu."

Fisi akatimua mbio, na foleni yote nyuma yake, na safari ile hakuna aliyehitaji kuhimizwa kumshika mkia.

Anayewashikisha wenzake mkia, ipo siku ataushika mwenyewe.