Pimbi na Kikosi cha Tembo Mmoja

Paukwa.

Pakawa.

Pakawaka moto.

Tukauzima.

Kwa maji ya nani?

Ya aliyewahi.

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayesinzia pale nyuma, sogea mbele, maana hadithi hii ina maji mengi na sitaki yakumwagikie ukiwa usingizini.

Hapo kale, katika nyika moja yenye mawe mekundu, wanyama waliogopa moto wa kiangazi kuliko walivyomwogopa simba. Simba akila hula mmoja, akashiba, akalala. Moto haushibi. Kwa hiyo kila mnyama alikuwa zimamoto wa kujitolea. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyevaa kofia, ila ngoma ya hatari ikilia, kila mmoja aliacha alichokuwa akitafuna, akakimbia.

Ili wasizoee uvivu, kila mwaka nyasi zikianza kukauka walifanya mashindano. Walijenga vibanda viwili vya nyasi, wakavitia moto kwa pamoja. Kikosi cha bingwa na kikosi cha yeyote aliyethubutu kumkabili vilitoka mstarini mbio hadi kidimbwini, vikachota maji, vikarudi kuzima. Kikosi kilichotangulia kuzima kibanda chake ndicho bingwa, na zawadi yake ilikuwa maji ya kwanza. Yaani kila asubuhi, mpaka mvua inyeshe, kikosi hicho ndicho kilichoingia kidimbwini kabla ya wote.

Na kulikuwa na sharti moja, lenye kisa chake. Mwaka mmoja moshi ulikuwa mzito, Ngiri akapotea ndani yake na wenzake wasijue. Alitoka mgongo umebabuka, na hadi leo manyoya yake ni yale machache ya shingoni. Tangu siku hiyo ikaamuliwa kwamba kikosi kikiwa njiani na maji, mwamuzi atakiita, "Mpo?" na kikosi kitaitika, "Tupo." Akiinua mguu na kuushusha bila kusikia jibu, kikosi hicho kimeungua. Kitamwaga maji yake na kurudi mstarini kuanza upya. Mwamuzi alikuwa Mbuni, na ninyi mnamjua Mbuni. Akikwambia umeungua, umeungua, hata kama umesimama mbele yake unacheka.

Bingwa alikuwa Tembo. Alikuwa bingwa mwaka jana, mwaka juzi na mwaka ule kabla ya juzi. Kikosi chake kilikuwa cha wanne. Twiga alitazama kutoka juu akasema moto umelalia wapi. Pundamilia alifyeka nyasi za pembeni kwa kwato zake. Nyati aliitika, na Nyati akiitika, hata mawe husikia. Tembo yeye alitia mkonga kidimbwini, fyooonz, akakimbia, gudu gudu gudu, akamwaga, pshaaa. Kibanda kimezimika, twendeni nyumbani.

Taabu ilianza baada ya hapo. Kila asubuhi Tembo aliingia kidimbwini kwanza. Akanywa. Akaoga. Akajigaragaza, akalala kidogo, akaamka, akanywa tena. Alipotoka, maji yalikuwa na rangi ya chai, na hayo wakanywa wenzake watatu. Walipotoka hao, lilibaki tope, na hilo wakalamba wengine wote, mkubwa kwa mdogo. Wa mwisho kabisa kulamba walikuwa pimbi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaokaa kwenye mawe.

Katika pimbi hao palikuwa na baba mmoja aliyekuwa na watoto wawili. Kiangazi kilichopita tope lilimkamata tumbo mmoja wao, na mtoto akafa. Pimbi alimzika chini ya mawe. Sasa alibakiwa na kitinda mimba, Kijiwe, na nyasi zilikuwa zimeanza kukauka tena. Kila alipomtazama Kijiwe akicheza, moyo wake ulimuuma. Alijua wazi kwamba mtoto huyu hataliweza tope la mwaka mwingine.

Nguvu hakuwa nazo. Ukimpima Pimbi na Tembo ni kama kupima kokoto na nyumba. Lakini alikuwa na tabia moja, alipenda kuuliza. Mama yake alimkanya tangu utotoni, hakusikia.

Akaenda kwa Tembo. Akamkuta anajikuna kwenye mti, na mti unalia. Wazee husema Pimbi na Tembo ni ndugu, ati tazama vidole vya miguu yao. Tembo alikuwa akisikia hivyo anaudhika, lakini Pimbi alimwamkia palepale.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mimi si mjomba wako. Unataka nini?"

Pimbi akasema hataki kitu, ila jambo moja linamsumbua kichwa na wadogo wenzake wameshindwa kumjibu. Siku ya mashindano, nani huchota maji?

"Mimi," akasema Tembo.

"Na nani huyabeba?"

"Mimi."

"Na nani huyamwaga juu ya moto?"

"Mimi."

"Na Twiga?"

"Huangaliaangalia."

"Na Pundamilia?"

"Hurusha vumbi."

"Na Nyati, mjomba?"

Tembo akacheka mpaka masikio yakapigapiga. "Nyati hupiga kelele tu."

Pimbi akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Akashukuru, akageuka kwenda zake. Alipofika hatua chache akarudi, akasema samahani, limebaki moja dogo. Maji ya kwanza ni ya kikosi, na kikosi ni wanne. Sasa siku wenzake wakisema yagawanywe sawa, mjomba atapata sawa na Pundamilia?

Tembo aliacha kujikuna. Maisha yake yote hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Pimbi akaondoka polepole. Mnaona, hakusema uongo hata mmoja. Aliuliza tu.

Usiku ule Tembo hakulala. Aliyaona maji yake yamekatwa vipande vinne, na kila kipande kinanywewa na mwenye mistari. Kulipokucha akawaita wenzake, akawaambia mwaka huu atashindana peke yake, kwa kuwa kazi yote ni yake na wao ni wa kumfuata tu. Twiga akajaribu kusema neno, akaambiwa ana shingo ndefu ya bure. Pundamilia akaambiwa akatafute mahali pengine pa kurushia vumbi. Nyati naye akauliza kwa upole yeye amekosa nini, na Tembo akamwambia usoni kuwa hupiga kelele tu. Nyati aliinamisha pembe zake, akaondoka. Iliniuma hata mimi niliposimuliwa.

Pimbi aliposikia, hakushangilia, bali alimwambia Mbuni kwamba mwaka huu ukoo wake ndio utakaomkabili Tembo. Aliwakusanya ndugu zake, mashangazi, wakwe, na hata yule binamu ambaye kila mtu hamtaki, akawagawia kila mmoja kibuyu kidogo. Wakajipanga msururu kutoka kidimbwini mpaka kwenye mawe, wakafanya mazoezi. Pokea, pitisha. Pokea, pitisha. Kibuyu kimejaa kinakwenda, kitupu kinarudi. Binamu aliwamwagia wakwe maji mara nyingi kuliko inavyoweza kuitwa bahati mbaya. Wanyama waliopita njiani waliwacheka, wakawauliza kama wanapika uji.

Siku ikafika. Nyika nzima ilikuja. Twiga, Pundamilia na Nyati wakasimama upande wa watazamaji, wanatafuna nyasi. Vibanda vikatiwa moto, ngoma ikapigwa, du du du, na Mbuni akashusha bawa lake.

Tembo alitoka kama gogo lililoporomoka mlimani. Gudu gudu gudu hadi kidimbwini. Fyooonz, mkonga ukajaa. Pimbi nao walijipanga msururu wao, na wa kwanza hata maji alikuwa hajayagusa. Pimbi mwenyewe alikuwa mwisho wa msururu, karibu na moto, na aliposikia kile kishindo kinarudi, alinyosha shingo kutazama. Sharti halijawahi kumkwamisha Tembo, na pshaaa moja tu ilitosha kummaliza Kijiwe wake.

Mbuni akainua mguu, akaita, "Mpo?"

Tembo aliendelea kukimbia, maana hakuwahi kuitika katika maisha yake. Mguu wa Mbuni ukaanza kushuka. Hapo ndipo Tembo alipokumbuka kwamba wa kuitika ni yeye. Na tembo, kama hamjui, sauti yake huanzia mdomoni ikatokea mkongani. Akaitika.

"Nipo!"

Prrrraaaa. Maji yote yakaruka juu, yakawaangukia watazamaji. Hata tone moja halikubaki. Tembo akasimama anautazama mkonga wake kama anautazama kwa mara ya kwanza, kisha akageuka mbio kurudi kidimbwini.

Huku kwingine Mbuni aliita, "Mpo?" na msururu wote ukaitika, "Tupo." Pokea, pitisha. Kibuyu cha kwanza kikafika mkononi mwa Pimbi, naye akamwaga. Tss. Moto haukujali hata kidogo.

Tembo akajaza tena. Fyooonz. Gudu gudu gudu. Safari hii alijiambia hafungui mkonga, liwe liwalo.

"Mpo?"

Kimya.

"Mpo?" Mbuni alirudia kwa hisani yake, kisha akaushusha mguu. "Kikosi kimeungua. Mwaga, rudi mstarini."

Tembo alitaka kubisha, lakini kubisha nako kunataka mdomo na mkonga, kwa hiyo alimwaga hata kabla hajamaliza kubisha. Akarudi mstarini anahema.

Tss. Tss. Tss. Moto wa Pimbi ulianza kuinama upande mmoja. Haba na haba, wahenga hawakukosea. Nyusi zilikuwa zimemwungua, na bado akawa anapokea na kumwaga.

Tembo sasa alikuwa na akili mpya. Alijaza mkonga, akayahamishia maji mdomoni, akafumba midomo, akakimbia mashavu yametuna. Alikuwa karibu kabisa na kibanda chake. Pimbi alimwona kwa pembe ya jicho, akajua kwamba akivuka hapo mambo yamekwisha.

"Mpo?"

Tembo alisimama, macho yakamtoka. Akatazama watazamaji, akamwona Nyati. Akaelekeza mkonga wake mtupu kwake, akaupunga, akausogeza mbele na nyuma. Kila mtu alielewa. Alikuwa anasema niitikie.

Pimbi alishusha kibuyu. Alimjua Nyati, ni mwenye moyo, amewahi kuingia motoni kumtoa sungura asiyemjua. Na Nyati kweli alifungua kinywa. Lakini alikifunga tena, akatafuna kidogo, ndipo akasema kwa sauti ya kawaida ambayo wote waliisikia.

"Hizo ni kelele tu, bwana. Nimeshaacha."

Mguu wa Mbuni ulikuwa umekaribia chini. Tembo akameza. Gluuup. Akaitika, "Nipo," na kweli alikuwapo, yeye na tumbo lake lililojaa maji. Kibanda chake kilianguka mbele yake, kikawa majivu.

"Mpo?"

"Tupo," wakaitika pimbi, na binamu akaitika mara mbili. Pokea, pitisha. Tss, tss, psssss. Moto wa kibanda chao ukafa, moshi mweupe ukapanda, na Mbuni akainua bawa upande wao.

Watazamaji walitazamana kwanza, kisha wakaanza kucheka, halafu kila mtu akawa anasema yeye alijua tangu mwanzo.

Asubuhi iliyofuata pimbi walishuka kutoka kwenye mawe, wakaenda kidimbwini kabla ya wote. Tembo alisimama mbali, nyuma ya msafara, anangoja zamu yake. Pimbi alimshika Kijiwe mkono, akamwambia anywe, ndiye wa kwanza leo.

Kijiwe aliinama, akaruka nyuma.

"Baba, humu kuna mtoto."

Alikuwa hajawahi kuona maji yaliyotulia na safi. Tangu azaliwe alikuwa analamba tope, na tope halionyeshi mtu sura yake. Pimbi aliinama kando yake, akatazama. Aliona sura mbili, ya mtoto na ya kwake yenye nyusi zilizoungua. Akalia, hakujificha. Kisha akamwambia mwanawe huyo mtoto ni yeye, asimwogope, anywe. Kijiwe akanywa, akanywa, mpaka akapiga mbweu.

Na kwa kuwa pimbi ukoo mzima hawawezi kuchafua kidimbwi hata wakitaka, waliokuja nyuma yao wakanywa maji safi. Wakanywa dikidiki, akanywa Ngiri, wakanywa Twiga na Pundamilia, akanywa Nyati. Mwisho kabisa akanywa Tembo, na maji aliyoyakuta yalikuwa safi kuliko aliyokuwa akiwaachia wenzake. Hakumshukuru mtu, lakini inasemekana siku hiyo alimwita Pimbi mpwa.

Moto wa hadithi yangu nimeuzima, kuni zilizobaki ni zenu. Kama imekuwa tamu, tumeila pamoja. Kama ina chumvi nyingi, nimeipika mimi na chungu nimeazima kwa jirani.

Na funzo lake, wanangu, lisiwapite. Mwenye nguvu mpishe, na mtoto mwenye adabu hawaulizi wakubwa maswali.

Nani huyo anasema Pimbi aliuliza? Nakujua, ni yuleyule aliyekuwa anasinzia. Ndiyo, aliuliza, na ndiyo maana nakukataza. Mimi ni mtu mzima, nina mtungi wangu pale kwenye kona, na kila siku mimi ndiye ninayekunywa kwanza.