Jiwe la Yashamu na Mafuta ya Kondoo

Inasimuliwa na waliotutangulia katika wema kwamba katika mji wa Khotani, chini ya milima ya theluji, aliishi mchongaji mawe aitwaye Haji Niyazi. Jiwe lake lilikuwa yashamu, jiwe la thamani. Mwenyezi Mungu huliumba jiwe hilo ndani ya milima, kwa joto na mbano wa zama zisizohesabika; kisha mafuriko huling'oa na kulibiringisha mtoni hata likavaa gamba la kahawia, likafanana na mawe mengine yote. Watu walilichonga pete na vikombe vya wafalme, wakiamini kuwa lina heri.

Maji yalipopungua, wanawake waliingia mtoni pekupeku wakalitafuta kwa nyayo, maana yashamu huteleza mguuni kwa namna yake. Walilolipata walimpelekea Haji Niyazi, naye aliligonga, akasikiliza mlio wake, akasema kama ni lenyewe au silo. Neno lake halikupingwa, kwa kuwa alikwisha kuhiji.

Siku moja Bibi Aihani, mjane mzee, alimjia amekumbatia jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto. Alimweleza kwamba msafara wa mahujaji ungeondoka Ijumaa, na jiwe lile ndilo tumaini lake la mwisho la kupata nauli, kwani nyayo zake zimekufa ganzi kwa baridi na mto hatauweza tena.

Haji aliligonga. Likalia kama kengele, na tamaa ikamwingia.

"Hili ni jiwe la mto tu, mama," akasema.

Bibi Aihani akacheka kidogo. "Basi miguu yangu imezeeka kunishinda. Liache hapo likuzuilie mlango, mwanangu. Sina nguvu ya kulirudisha."

Alipogeuka aende zake, aliona viganja vya Haji vilivyopasuka kwa maji na mchanga wa kukatia mawe. Akatoa kikopo cha mafuta ya kondoo aliyokuwa akipaka nyayo zake, akakiweka mbele yake.

"Paka haya. Mikono hiyo inawafaa wengi."

Kwa siku nne Haji alilikata jiwe taratibu, na kila jioni akapaka yale mafuta. Lilipofunguka, ndani lilikuwa jeupe, lenye mng'ao mpole, kama mafuta yaliyoganda kikoponi. Akatazama jiwe, akatazama kikopo, akatazama viganja vyake vilivyokwisha kuanza kupona. Akalia.

Alifika kwa Bibi Aihani siku ya Jumamosi, vipande viwili mikononi.

"Nilikudanganya, mama. Ni yashamu."

Bibi alilipapasa muda mrefu. "Kumbe miguu yangu haikukosea," akasema. Kisha akaongeza kwa upole, "Nimekusamehe, mwanangu. Ila msafara umepita."

Haji akasimama sokoni, akaukiri uongo wake mbele ya wanawake wote wa mtoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea tena jiwe alisikilize. Bibi Aihani hakuishi kuufikia msafara wa mwaka uliofuata. Aliacha wasia kwamba thamani ya jiwe imgharamie mtu ahiji kwa niaba yake. Haji ndiye aliyekwenda. Mahali ambapo kila hujaji hutamka nia yake, alisema, "Labeka, kwa ajili ya Aihani."

Ndugu zangu, Mola hupokea toba ya mja hata ikichelewa. Lakini msafara wa mwenzako haungoji mpaka wewe utubu.