Amka Iseme kwa Sauti ya Nani?

Haya, sogeeni tusikilizane. Hapa kwangu hadithi haianzi hivi hivi. Mimi nikisema "Washa!", nyie mnajibu "Imewaka!" Atakayejibu kivivu ataenda kuchota maji. Washa!

Mmh. Hiyo imewaka kwa betri iliyochoka. Washa!

Enhe, sasa ndiyo.

Kule Mbinga, kwenye baridi na kahawa, walikuwapo watu watatu wenye vipaji vitatu. Gaudensia Haule alijaliwa kupanga. Mama huyu akipita jikoni kwako, hata kama amekuja kukusalimia tu, ukigeuka utakuta vijiko vimepangwa kwa urefu. Bosko Ndunguru alijaliwa kujua kipi kitangulie. Mpe shughuli yoyote, harusi au kuezeka nyumba, atakwambia uanze na nini, na hakosei. Editha Komba alijaliwa kutoamini. Ukimwambia chai ina sukari, anaonja. Ukimwambia ameshaonja, anaonja tena.

Watatu hawa walikuwa wakitengeneza Amka. Amka ni mfumo endeshi, ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kusimamia vyote vilivyomo. Tena ni mfumo huria: msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, umewekwa wazi mtandaoni. Yeyote aweza kuuchukua, akaurekebisha, akarudisha alichorekebisha. Na Amka ilitungwa kwa ajili ya wasioona. Inaongea Kiswahili. Bonyeza herufi, inakutajia. Fungua faili, inakusomea.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo litakalotugombanisha baadaye. Watu wa Amka wana desturi yao. Kila toleo jipya likiwaka, kabla ya lolote, hutoa salamu kwa sauti ya mtu mmoja. Mmoja tu, yule aliyelifanikisha toleo hilo. Mtoto asiyeona hawezi kusoma namba ya toleo kwenye kioo, lakini akisikia sauti ya salamu anajua yuko toleo gani. Hakuna cheti wala zawadi nyingine. Ni sauti yako kuwaamkia watu kila asubuhi, mpaka toleo jingine lije.

Basi, kulikuwa na shule ya watoto wasioona, mwalimu wao akiitwa Kapinga. Kompyuta zao zilikuwa na Amka ya zamani, nayo ikachoka, ikaanza kukwama, mwisho ikanyamaza kabisa. Mkubwa mmoja akasema kompyuta zisizosema zitachukuliwa shule ikifungwa kwa likizo, zipelekwe kwingine. Aliyeumia kuliko wote ni Skolastika, binti wa darasa la sita, mtunzi wa hadithi.

"Mwalimu, Kilanga wa hadithi yangu nimemwacha katikati ya mto," alisema huku analia. "Wakizichukua, ndiyo basi tena, hatavuka."

Mwalimu Kapinga akawapigia simu wale watatu. "Jamani, toleo jipya mmelisema tangu mwaka jana. Liko wapi?"

Wakatazamana kwa aibu, maana toleo lilikuwapo na halikuwapo. Msimbo ulikuwa umeletwa na watu wengi wa nchi nyingi, kila mmoja akautupia alipopenda. Sehemu ileile ilikuwa na nakala tatu zisizofanana. Ile sehemu inayoifanya Amka iseme, roho yenyewe ya mfumo, ilikuwa imelala ndani ya folda iliyoitwa "mengineyo".

Gaudensia akakunja mikono ya blauzi. Akasoma faili baada ya faili, akajenga vyumba: hapa kiini, hapa programu za kuendesha vifaa, hapa sauti, hapa lugha. Nakala tatu akazilinganisha mpaka akabakiwa na moja iliyo bora. Alipomaliza, hata mgeni angeingia na kukuta anachokitaka.

"Mengineyo!" alisema kwa hasira. "Aliyeiita hivyo nikimpata, ataosha vyombo vyangu mwaka mzima."

Lakini msimbo uliopangwa bado ni maandishi tu. Lazima ujengwe: kompyuta iyachukue maandishi, sehemu moja moja, iyageuze kuwa mfumo unaowaka. Hapo akaingia Bosko, akakuta balaa. Sehemu ya sauti ilikataa kujengwa mpaka ya lugha itangulie. Ya lugha nayo ikakataa mpaka ya sauti itangulie. Mnacheka, lakini mmewahi kuwaona watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia wewe"? Bosko akazichunguza zote mbili, akaona kumbe kila moja inataka kipande kidogo tu cha mwenzake. Akavitoa vipande hivyo, akavijenga peke yake kwanza, kisha lugha, kisha sauti, kisha vyote vilivyobaki. Kompyuta yake ikazimika, ikawaka, ikasema kwa sauti ya mashine, "Karibu."

Bosko akaruka mpaka kofia ikadondoka. Wakaiweka Amka kwenye flashi, wakaipeleka shuleni wakiimba njia nzima.

Shuleni, kimya. Kompyuta iliwaka vizuri, taa zote sawa, lakini haikutoa hata mguno. Darasa zima limetega masikio, hakuna kitu.

"Kwangu inasema!" Bosko akapiga kelele. "Haki ya Mungu, kwangu inasema!"

"Kwako," alisema Editha. "Watoto hawa wanakaa kwako?"

Editha akaenda nyumbani, akachukua kompyuta yake mwenyewe, akaifuta yote ikabaki tupu. Akauchukua msimbo wa mtandaoni kama angeuchukua mtu baki asiyemjua Bosko wala Gaudensia, akafuata maelekezo ya Bosko hatua kwa hatua. Ujenzi ukagoma, na pale ulipogoma ndipo akaona. Faili la matamshi ya Kiswahili halikuwamo kwenye msimbo wa wote! Bosko alilitengeneza zamani, akalisahau kwenye kompyuta yake, na kila akijenga na kuwasha, mfumo ulikuwa ukiliazima humo kimyakimya. Editha akamwomba faili hilo, akaliweka chumba cha lugha, akafuta tena, akajenga tena, ikasema, akafuta tena. Namjua, angefuta mpaka leo kama wasingemzuia.

Shule ilikuwa inafungwa. Gari la kuchukua kompyuta limesimama uwanjani, yule mkubwa amekuja nalo, dereva ameshakunja waya wa kwanza. Wale watatu wakaingia mbio, wakaweka flashi. Skolastika akaketi, akafungua faili lake. Kompyuta ikasema, wazi kabisa: "Kilanga akafika katikati ya mto. Mamba akafungua mdomo."

Weee! Darasa lilipiga ukelele, dereva akauachia ule waya. Mkubwa akacheka akasema, "Hizi zibaki. Na mimi nataka kujua huyo Kilanga amepona?"

Furaha ilipotulia, ikabaki nafasi ya salamu, tupu. Mwalimu Kapinga akamkabidhi Skolastika kipaza sauti. "Nyie ndio mtakaoisikia kila asubuhi. Mpe anayestahili."

"Mimi naitaka, na sioni haya kusema," alisema Gaudensia. "Bila mimi roho ya Amka ingekuwa 'mengineyo' mpaka leo."

"Vitu vilivyopangwa havisemi, dada yangu," alisema Bosko. "Mimi ndiye niliyeijenga. Na lile faili ni la nani? Editha amehamisha faili moja tu."

"Hilohilo moja ulilolificha," alisema Editha. "Yenu wawili ilisema chumbani kwa Bosko. Yangu imesema hapa."

Naona wewe hapo nyuma umenyoosha mkono. Unataka kusema waseme wote kwa pamoja. Kaa chini, walijaribu. Ilitoka kama ugomvi wa sokoni, na mtoto mdogo wa darasa la kwanza akaanza kulia.

Darasa likagawanyika, madawati yakagongwa, huyu Gaudensia, huyu Bosko, huyu Editha. Skolastika akainua mkono, wakanyamaza. Mbele yake akawasikia watatu wanahema, na hao ndio waliomrudishia Kilanga wake. Akanyoosha kipaza sauti.

Alikinyoosha kwa nani, mimi siwaambii. Je, wewe ungekuwa Skolastika, ungemnyooshea yupi? Na wale wawili utakaowanyima, ungewaambia nini?

Sasa nasema kwa mara ya mwisho, na safari hii sitaki "Imewaka". Nataka jina. Washa!