Kanga na Mnunuzi wa Blogu

Paukwa!

Pakawa!

Haya, wenye watoto wapakateni, wenye masikio yategeni. Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa na simu, palikuwa na Kanga.

Kanga alikuwa na blogu. Blogu yake ilieleza jambo moja tu: leo maji salama yako wapi. Na Kanga alikuwa na desturi yake. Hakuandika habari za kisima wala kijito kabla hajaenda kunywa yeye mwenyewe. Akienda, akinywa, akirudi mzima, ndipo anaandika. Wanyama wakamwamini. Wakisoma, wanakwenda. Hawatazami kushoto, hawatazami kulia. Wanainama, wanakunywa.

Mwaka huo jua likawaka. Likawaka, likawaka. Nyasi zikaisha, mbegu zikaisha. Vifaranga wa Kanga wakalia njaa, na mmoja Nguchiro alikuwa ameshambeba. Kila Kanga alipokwenda kuonja maji, Mama Digidigi alikuja kulala penye kiota, vifaranga wakajificha chini ya tumbo lake. Hakuombwa. Alikuja tu, na mwanawe mchanga nyuma yake.

Siku moja alasiri akaja Kenge, dalali. Shwa, shwa, shwa, anaburura mkia. Akasema amepata mtu wa kununua blogu. Atatoa ghala la mtama, na ua wa miiba ambao Nguchiro hawezi kuupenya. Ila jina la blogu libaki lile lile, na wasomaji wasiambiwe kitu.

Kanga akauliza kama mnunuzi anaweza kungoja mvua zinyeshe.

"Mama, mvua ikinyesha nani atasoma habari za maji?" Kenge akasema. "Bei ni leo. Jua likizama, mtu wangu ameghairi. Wewe endelea kuandika, watoto wale herufi."

Maneno yakamchoma Kanga, maana yalikuwa ya kweli. Akawatazama wanawe, shingo zimekuwa kama vijiti. Nusura aseme ndiyo. Kisha akasema yeye hata maji haandiki kabla ya kuonja, sembuse kumpa blogu mtu asiyemjua. Anataka kumwona kwanza. Kenge akanung'unika, akatangulia.

Wakashuka, wakashuka, hadi Bwawa la Chini. Maji kimya. Kenge akapiga mkia majini, pa! Gogo moja likafumbua macho.

Alikuwa Mamba.

Mamba akaongea kwa upole. Akamsalimu, akaulizia hali ya watoto. Kanga akamuuliza atakuwa anaandika nini.

"Machache," Mamba akasema. "Nitaandika mara moja tu. Nitasema maji ya Bwawa la Chini ni matamu."

Moyo wa Kanga ukaenda du, du, du. Akilini akamwona Mama Digidigi anainama kunywa hapo, mwanawe ubavuni. Akatazama nyuma, Kenge ameziba njia. Akatazama mbele, Mamba amesogea.

"Tupe neno la siri," Kenge akasema. "Jua hilo linazama."

Kanga akautazama mgunga ulioinamia maji. Akasema neno la siri linatumwa kwa simu yake, na huku bondeni mtandao haushiki, mpaka apande juu ya mgunga. Kenge akamtazama Mamba. Mamba, kwa njaa aliyokuwa nayo, akasema haya, upesi.

Pururu! Kanga juu ya tawi. Mamba chini, kinywa wazi.

"Tayari?"

"Bado kidogo, baba."

Akaandika: Bwawa la Chini lina Mamba. Ndiye anayetaka kununua blogu hii. Msije.

Akatuma. Simu zikalia porini kote, ti, ti, ti. Ya Kenge nayo ikalia pale pale bondeni, kumbe mtandao ulikuwapo. Kenge akasoma, akapiga yowe. Mamba akaruka, chwaa! Meno yakakata tawi. Tawi likaanguka majini, Kanga ameshapaa.

Ghala likapotea, njaa ikabaki. Kanga akamsimulia Mama Digidigi. Yule mama akamlamba kifaranga vumbi usoni, kisha mwingine, kisha mwingine.

Mvua zikanyesha. Ikawa kama alivyosema Kenge: maji kila mahali, wasomaji wachache. Hapo ndipo Kobe alipokuja kuuliza bei. Alikuwa na debe moja tu la mtama, na alilisukuma kwa kichwa tangu kwake. Kanga akatembea naye kisima hadi kisima, akamwona anaonja kila maji. Akamuuzia. Kabla ya kumpa neno la siri, akawaandikia wasomaji wake kwa mara ya mwisho: Kuanzia kesho anayewaandikia ni Kobe. Habari zake zitachelewa, lakini atakuwa amefika mwenyewe.

Basi, wanangu na wazazi wenzangu, kitu ambacho wenzako wanakiamini usikiuze siku wanayokihitaji kuliko siku zote, na usimuuzie usiyemjua nia yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, kawape waliolala mapema.