Hina ya Mke wa Mfunga Mlango

Enzi za mababu wa mababu zetu, Shundwe ilipokuwa bado kisiwa cha mikoko na kaa, wala hajapata mwadhini kusimama juu yake, alitoka mtu katika uzao wa Haji Dosi. Haji Dosi alimzaa Fumo, na Fumo akamzaa Mshamu. Mshamu huyo ndiye tunayemtaja leo: Mfunga Mlango, amiri wa mitepe, mtu aliyeijua bahari kama mwenye nyumba ajuavyo ua wake gizani. Sikilizeni taratibu, watu wa Shundwe, maana habari yake ni ya kujivunia, na ndani yake kuna ya kuonea haya.

Aliwaleta wazee wetu hapa wakiwa wakimbizi, masizi ya nyumba zao yangali kwenye nguo, baada ya watu wa Ng'ambo kuuchoma mji wao wa kwanza. Watu wa Ng'ambo walikuja kwa bahari, nao walikuwa wengi. Mshamu hakuwa na wingi. Mwenyezi Mungu alimpa akili. Aliona kwamba kisiwa kimezungukwa na miamba pande zote, na kwamba pana mlango mmoja tu ambao chombo kinaweza kupita. Akakata magogo ya mikoko, akayaunganisha kwa minyororo, akawafundisha watu, wanaume kwa wanawake, kuyavuta kwa kamba hadi mlango wa bahari ufungike kama wa nyumba. Mitepe yake, iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ilikuwa myepesi. Ilitoka, ikauma, ikarudi ndani kabla majahazi mazito ya Ng'ambo hayajageuka. Kila adui alipofuata, alikuta magogo. Hivyo ndivyo Shundwe ilivyopata nafasi ya kujenga msikiti, kuchimba visima na kuzaa watoto.

Na kila alipotoka, aliwaachia watu wake amri moja. "Mkiwaona nyuma yangu, fungeni. Msitazame mimi niko wapi."

Ikaja siku ambayo Ng'ambo walikuja wote. Mshamu alitoka kuwapunguza, kama desturi yake, lakini dhoruba ikamkata njiani, na alipogeuka kurudi adui walikuwa wamemkaribia mno, hata aliyewaona kutoka ufukweni hakuweza kusema mtepe unaishia wapi na majahazi yanaanzia wapi. Watu wakashika kamba, wakasita. Mkewe, Mwanatumu binti Shaibu, alikuwa miongoni mwao, na alikuwa ameshika kamba. Alilikumbuka neno la mumewe. Akavuta, na wenzake walipomwona anavuta, nao wakavuta.

Mshamu aliona mlango wake umefungwa. Aligeuza mtepe, akawaongoza adui kwenye miamba ya nje, na dhoruba ikawafunika wote. Baadaye bahari ilirudisha mbao zenye matundu ya kushonea. Yeye haikumrudisha.

Mwanatumu alivua bangili, akaacha wanja, akaketi chini kuanza eda. Ndipo Mwenye Mkuu Shalo, aliyekuwa mkuu wa wazee wa mji, alipokuja mlangoni kwake na sahani ya hina iliyokwisha kupondwa.

Alimweleza kwa upole kwamba Ng'ambo bado wana majahazi, kwamba kinachowazuia si magogo bali jina la Mshamu, na kwamba hakuna aliyeiona maiti yake. "Binti yangu," alisema, "mumeo akifa leo, sisi tunakufa kesho. Jipake, maana mjane hapaki hina, nao wakiiona watajua yu hai."

Mwanatumu aliuliza ni nani atakayemsalia mumewe. Mwenye Mkuu akasema Mungu anamjua. Mwanatumu akasema Mungu anamjua, ndiyo, lakini sala ni haki ya maiti juu ya walio hai, nao walio hai ni wao. Mzee aliweka sahani chini akaondoka.

Akajipaka, kwa sababu ya watoto wa mji. Kila hina ilipofifia ililetwa nyingine. Joho jekundu la Mshamu lilichukuliwa kutoka sandukuni, na mtu wa kimo chake akalivaa na kusimama kwenye omo, mbele kabisa ya mtepe. Mwanatumu aliliona likipita, akatambua kiraka alichokishona mwenyewe begani. Wapelelezi wa Ng'ambo walikuja kama wachuuzi wa samli, wakatazama miguu yake. Siku moja mchuuzi mwanamke alicheka akamwambia, "Hina mbichi hiyo, bibi. Inaonekana bwana hakupumzishi."

"Bwana yuko anakojua Mungu," alijibu Mwanatumu, "nami nangojea amri yake."

Hakusema uongo. Lakini mchuuzi alipeleka habari kwao kwamba Mfunga Mlango yu hai, na wazee wa Shundwe wakamsifu Mwanatumu kwa werevu. Sifa hiyo ilimuuma kuliko msiba.

Alikwenda kwa Kadhi Muhidini, mara nyingi, kumwomba ahukumu kwamba mumewe amekufa. Kadhi aliijua sheria; alimwambia muda wa kungoja umepita zamani, na kwamba angekuwa mwanamke mwingine yeyote angekwisha kumhukumia. Kisha kila mara akamrudisha nyumbani bila hukumu. Mfalme wa Ng'ambo akafa, majahazi yake yakaoza, mjukuu wake akaja Shundwe kuomba mke na akapewa, na bado sahani ya hina ilikuja. Hofu ilikwisha, ikabaki raha ya kulindwa na mtu asiyeweza kuchoka. Mji wetu ulisimama juu ya miguu ya mwanamke, na haukutaka kushuka.

Uzeeni, Mwanatumu aliirudisha sahani. Alipolala kwa mara ya mwisho viganja vyake vilikuwa vyeupe kabisa. Alimwita Kadhi Muhidini, naye mzee wa kushikwa mkono. Hakumlaumu.

"Shehe," alisema, "mimi mtanisalia, maana nitakuwa mbele yenu. Mkiniweka, acheni nafasi ya mtu mmoja ubavuni pangu. Wewe unajua ni ya nani. Mimi ndiye niliyevuta kamba. Sitaki kulala ndani nikamwacha nje mara ya pili."

Kesho yake jeneza liliwekwa, na ubavuni pake nafasi ikaachwa. Wazee walinong'ona. Kadhi hakuwaomba ruhusa. Alinuia maiti wawili, akapiga takbira. Watu wakalia kilio ambacho kilikuwa kimechelewa tangu ujana wao.

Tangu hapo, katika Shundwe, kila maiti akiwekwa mbele ya imamu, huachwa nafasi ya mtu mmoja kando yake, hata kama msikiti umejaa na watu wanasali juani. Wageni hudhani tumekosea safu na hutaka kuijaza. Huwa tunawashika mkono, tunawarudisha nyuma, na tunasali.